Shitanda Alivyofundishwa Kusikiliza

Mathews Shitanda alikuwa kinyozi huko Manyatta, upande wa ndani, pale ambapo lami inakata tamaa na kuliachia vumbi safari iliyobaki. Alifika Kisumu kutoka Malava akiwa kijana. Alibeba saruji kwa muda, akauza viazi Kibuye kwa muda, mpaka binamu yake Wakhisi alipomfundisha kushika mashine ya kunyolea bila kumwacha mteja na madoa kichwani kama kuku wa kienyeji. Wakhisi alipohamia Eldoret, kiti, kioo na mashine vikabaki kwa Shitanda, na watu wa mtaa wakamzoea. Kwa vile ni Mluhya, wateja wake, wengi wao Wajaluo, waliingia wakimtania kwa salamu ya Kiluhya, "Mulembe!" Jina likaganda. Hata watoto waliotumwa na mama zao wakanyolewe walikuwa wakisema wanaenda kwa Mulembe.

Hakuwa mtu wa maneno. Vinyozi wengine wanajua siasa ya nchi nzima na ya nyumba ya jirani. Yeye aliiacha redio izungumze, akainamia kichwa kilichokuwa mbele yake. Labda ndiyo maana watu walimwambia mambo. Mtu akiketi kitambaa cheusi shingoni, macho yamefumbwa, mkono wa mwenzake ukiwa umetulia utosini, ulimi hulegea wenyewe.

Basi likaja shirika moja la vijana kuwatafuta vinyozi wa Manyatta, Kondele na Nyalenda. Aliyewaongoza alikuwa msichana anayeitwa Debra, mwenye sauti ya upole na viatu vya kutembea. Aliwakusanya katika ukumbi wa kanisa na kuwaeleza kwamba vijana wa Kisumu, hasa wavulana, wanaumia kimyakimya. Hawaendi hospitali kusema mtu amechoka kuishi. Lakini kunyolewa wananyolewa.

"Nyinyi mnawaona kila wiki," Debra aliwaambia. "Mama zao hawawashiki kichwa tena. Nyinyi mnawashika."

Shitanda alilipenda neno hilo. Walifundishwa kutomkatiza anayesema. Walifundishwa kutomwambia mtu ajikaze, wala kumpa mfano wa fulani aliyeteseka zaidi yake. Walifundishwa pia kwamba ukishuku mtu anafikiria kujiua, unamuuliza wazi, bila kuzunguka, kwa sababu swali halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Ukishasikiliza, unampeleka kwa mwenye ujuzi.

Siku ya mwisho, wakati wa chai na mandazi, Shitanda aliinua mkono kwa mara ya kwanza.

"Madam, na mtu akikuambia ndiyo? Ukimuuliza, aseme ndiyo?"

"Unanipigia," Debra akasema. "Mchana, jioni, Jumapili, unanipigia. Hiyo simu siizimi."

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Shitanda alibandika stika mlangoni iliyosema *Kaa, tuongee*, na vijana wakaicheka kweli. "Mulembe, siku hizi wewe ni pasta?" Lakini kidogokidogo wakaanza kukaa. Mwendesha boda mmoja alilia akiwa nusu ya kichwa imenyolewa, akisema mtoto wake amechukuliwa na mama yake na hajui wako wapi. Mwingine alisema tu kwamba halali usingizi, na baada ya kusema akaenda zake, wiki iliyofuata akarudi akasema sasa analala. Kwa ajili ya wawili Shitanda alimpigia Debra simu, na Debra akaja mwenyewe na viatu vyake vya kutembea, akaketi nao kwenye benchi la nje.

Nyumbani, Shitanda akawa anamsimulia mkewe, Nasike, ingawa hakutaja majina. Nasike aliuza mitumba ya watoto Kibuye na alikuwa mwepesi wa kucheka. "Kumbe nimeolewa na daktari," alimwambia, akimmiminia chai. Shitanda alitabasamu akiangalia kikombe. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba kazi yake ni zaidi ya nywele.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Gordon Ooko.

Gordon alikuwa kijana mrefu wa Luanda Kotieno, aliyekuja Kisumu kusomea ufundi wa friji katika chuo kimoja mjini. Alifika kila Jumamosi kuchongwa laini ya nywele mbele, na alipoingia, chumba kizima cha kinyozi kilichangamka. Aliweza kuwaiga watangazaji wa mpira hadi mtu akaapa redio imewashwa. Aliitangaza kazi ya Shitanda kama mechi: "Mulembe anaingia upande wa kushoto, anampita sikio, anampita sikio jamani, hatari!" Wateja waliokuwa wakingoja walishika mbavu. Shitanda mwenyewe alilazimika kuzima mashine mpaka mkono utulie.

Hakuna anayejua siku ambayo utangazaji ule uliisha. Shitanda alipokuja kugundua, Gordon alikuwa ameshakaa kimya wiki kadhaa. Kisha likaja jambo jingine la ajabu. Gordon alianza kuja hata siku ambazo nywele zake hazikuwa zimeota. Aliketi kwenye benchi, akawaacha wengine wapite mbele yake, na kinyozi kilipobaki kitupu akainuka na kwenda.

Alasiri moja Shitanda alimkalisha kwenye kiti hata bila kumuuliza kama ananyolewa, akamfunga kitambaa, akachukua brashi na kumpangusa shingo ambayo haikuwa na kitu.

"Gordon, siku hizi umepotea na uko hapa hapa."

"Niko sawa, Mulembe. Ni kichwa ndio haiko sawa."

"Inauma?"

"Haiumi. Ingekuwa inauma ningemeza dawa." Gordon alifumba macho. "Ni kama friji yenye gesi imetoka. Inanguruma tu. Ukifungua, ndani ni joto."

Shitanda akakumbuka kutomkatiza. Akangoja. Akangoja mpaka redio ikatoa matangazo ya vifo yote na kuanza muziki.

"Kuna kitu imetokea? Nyumbani? Chuo?"

"Hakuna. Hiyo ndio shida, buda. Ningekuwa nimefukuzwa, ama msichana ameniacha, ningejua nalia nini. Hakuna kitu imetokea. Naamka asubuhi, naangalia viatu. Naona kuvaa viatu ni kazi kubwa. Nalala tena."

Shitanda aliishusha brashi. Maisha yake yote shida ilikuwa kitu chenye mlango: njaa ina chakula, deni lina mwenye deni, ugonjwa una mahali unapouma. Hii ya Gordon haikuwa na pa kushika. Alimwambia aje tena kesho, na Gordon akaja. Akaja na siku iliyofuata. Kila siku aliketi, akasema maneno machache, na Shitanda akasikiliza kama alivyofundishwa, na kila siku uso wa kijana ukazidi kuingia ndani.

Ilikuwa Jumamosi, kinyozi kimejaa watu, mashabiki wa Gor Mahia wakibishana juu ya kipa, Gordon alipoingia, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kiti kilichokuwa tupu. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni.

"Mulembe, shika. Ni vifaa vyangu vya friji. Bisibisi, geji, zote. Utapatia kijana mwenye anazihitaji."

"Na wewe?"

"Mimi sizihitaji."

Shitanda aliuweka mfuko chini ya kioo. Alilijua swali. Walilifanyia mazoezi wawiliwawili pale ukumbini, wakichekeana. Sasa lilikuwa zito kama gunia. Aliinama mpaka mdomo ukakaribia sikio la kijana, kelele za kipa zikiendelea nyuma yao, akauliza kwa sauti ya chini.

"Gordon. Unafikiria kujiua?"

Kwenye kioo aliyaona macho ya Gordon yakimtazama. Yalikuwa macho ya mtu aliyebisha hodi mlango mmoja siku nyingi na hatimaye ukafunguliwa.

"Ndiyo," Gordon akasema.

Shitanda aliwaomba radhi wateja, akatoka nje na simu. Alimpigia Debra. Sauti ya kike ikamwambia kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akapiga nambari nyingine waliyopewa, ya ofisi. Hiyo iliita na kuita hadi ikakatika. Akasimama pale kwenye vumbi akiitazama simu yake. Kupitia mlangoni aliona mgongo wa Gordon, kitambaa cheusi shingoni. Kijana hakuwa amegeuka. Alikuwa amesema alichoulizwa, na sasa anangoja.

Shitanda alirudi, akazima mashine, akawaambia wateja kinyozi kimefungwa. Walilalamika. Mmoja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Shitanda alimshika Gordon mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, wakaenda kwa miguu hadi kituo cha afya.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na foleni ya akina mama wenye watoto wanaoharisha. Hata hivyo aliwatoa pembeni, akamsikiliza Gordon kwa makini, akaandika alichoandika.

"Mtu wetu wa afya ya akili anakuja katikati ya wiki," alisema. "Mimi hapa sina dawa ya hii. Nendeni kule hospitali kubwa, lakini wikendi mtangoja sana. Ukiweza leo, usimwache peke yake. Hata chooni, simama karibu. Weka mbali vitu vya hatari. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni kinyozi wake."

Muuguzi alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa taratibu. Mtoto mmoja akaanza kutapika kwenye foleni, na muuguzi akainuka.

Walikwenda hospitali kubwa, wakangoja mpaka jua likageukia ziwani. Daktari kijana aliwapa rufaa ya kliniki ya Jumatatu na vidonge vya kumtuliza, akarudia yale yale ya muuguzi, kwamba asiachwe peke yake. Basi Shitanda akampeleka Gordon nyumbani kwake, kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia, ambamo aliishi na Nasike na binti yao Nakhumicha.

Nasike hakuuliza mbele ya mgeni. Alipika ugali na sukuma, akamwekea Gordon kipande kikubwa cha samaki, na kipande hicho kikabaki vile vile. Alipotoka nje kuosha vyombo, Shitanda alimfuata.

"Baba Nakhumicha, huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa watu wa Luanda Kotieno."

"Nimeona umeficha wembe na kisu yangu ya jikoni. Nitakata mboga na nini?" Alisugua sufuria kwa nguvu. Kisha sauti ikashuka. "Sikatai akae. Lakini mimi nikienda Kibuye na wewe kinyozi, tutamlinda mpaka lini?"

"Mpaka nimpate Debra."

Kliniki ya Jumatatu waliihudhuria. Gordon aliandikiwa dawa za kumeza kila siku, na daktari akawaonya kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, na kwamba asiziache hata akijiona amepona. Gordon aliitikia kila kitu. Kuitikia hakukuwa na taabu. Alikuwa kama mtu anayekubali bei ya kitu ambacho hatanunua.

Debra naye Shitanda alimtafuta. Ofisi ya shirika aliikuta imekuwa duka la matangi ya maji. Hatimaye kinyozi mwenzake wa Nyalenda alimpatia nambari mpya, na alipopiga, Debra alipokea akiwa Ahero, nyumbani kwa shangazi yake.

"Mradi ulifungwa," Debra alisema. "Wafadhili walisimamisha. Ile simu ilikuwa ya ofisi, wakaichukua. Nilitaka kuwapigia nyote, Bwana Shitanda. Haki ya Mungu nilitaka. Nilishindwa nitawaambia nini."

Shitanda alimweleza habari za Gordon. Upande wa pili akamsikia msichana analia.

"Umefanya vizuri sana," Debra akasema alipopata sauti. "Ulimuuliza. Wengi wanaogopa kuuliza."

"Vizuri gani, madam? Ameniambia. Sasa mimi nina hiyo neno yake na sijui niiweke wapi."

Debra alimpa nambari ya simu ya msaada ya bure, akamwambia atampigia Gordon mwenyewe. Alimpigia kweli, mara nyingi, kwa salio lake. Gordon alipokea, akasema "sawa" na "asante", akarudisha simu mfukoni.

Kwa siku kadhaa Gordon alikwenda kinyozi pamoja na Shitanda asubuhi, akaketi kwenye benchi, akarudi naye jioni. Nakhumicha, aliyekuwa darasa la pili, alimwomba amsaidie hesabu, na Gordon akamsaidia, na Shitanda akaona kama dalili. Alikuwa anaona dalili kila mahali. Gordon akimaliza uji, ilikuwa dalili. Akiuliza saa, ilikuwa dalili.

Kisha akaja mama yake.

Perez alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekauka kwa kuanika omena miaka yote kwenye ufuo wa Luanda Kotieno. Shitanda ndiye aliyempigia, baada ya kumsihi Gordon sana. Aliingia na kikapu, akaketi karibu na mwanawe na kuweka kiganja kwenye paji lake la uso, kama anayepima homa.

"Nyathina," alimwambia, mwanangu. "Inauma wapi?"

Gordon alitazama sakafu. Perez akamgeukia Shitanda.

"Bwana kinyozi, ulisema ni mgonjwa. Ugonjwa gani?"

Shitanda alijaribu. Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Alisema ni ugonjwa wa mawazo. Alisema ni wa akili. Uso wa Perez ukafunga.

"Unasema mtoto wangu ni neko? Ni wazimu? Nani amesema?"

"Hapana, Min Gordon, si wazimu. Ni huzuni, lakini… imekuwa kubwa. Amepewa dawa. Lazima ameze kila siku."

"Huzuni ya nini? Baba yake yuko. Mimi niko. Karo tumelipa. Gordon, kuna mtu amekukosea?"

"Hakuna, Mama," Gordon akasema.

Perez alilia bila sauti, akijipangusa kwa ncha ya leso. Kisha akainuka na kukusanya nguo za mwanawe. Alimshukuru Nasike kwa kumlisha, akamwachia kikapu kizima cha omena. Shitanda aliwasindikiza hadi stejini akirudia habari za dawa, za kutomwacha peke yake, za kliniki, na Perez alikuwa akisema "ndiyo, ndiyo, asante, ero kamano." Shitanda alitaka kusema, mwache. Lakini angesema kama nani? Hakuwa mjomba wala mwalimu. Gari lilipoondoka Gordon hakugeuka, na Shitanda alibaki akiwa ameinua mkono.

Akawa anapiga simu kila jioni. Mwanzoni Gordon alipokea. Baadaye akapokea Perez. Baadaye simu ikawa imezimwa. Kinyozini vijana walimuuliza mtangazaji amekwenda wapi, naye akasema amekwenda kwao kupumzika. Aliendelea kunyoa. Mtu mwingine alipofungua mdomo kusema shida zake, Shitanda aligundua kwamba anaongeza sauti ya redio, akajichukia, akaipunguza.

Perez alipompigia, ilikuwa asubuhi, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Bwana kinyozi. Njoo."

Alifunga kinyozi akaenda. Aliwakuta nyumbani, nyumba ya mabati inayotazama maji. Shemeji yake Perez, mzee mmoja anayeitwa Owiti, ndiye aliyempokea uani na kumsimulia. Zile dawa zilimfanya kijana asinzie mchana, kwa hiyo Owiti akashauri ziachwe. Waliita watu wa maombi, wakaomba kwa siku nyingi, na Gordon alipiga magoti kila alipoambiwa kupiga magoti. Wote wakasema anaendelea vizuri. Jana yake alfajiri wanawake waliokuwa wakianika omena walimwona akiingia ziwani, amevaa viatu. Walimwita kwa jina, hakugeuka. Wakaingia na nguo zao wakamvuta.

"Mimi nilifikiri ni uvivu wa watoto wa chuo," Owiti alisema. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na sasa mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. "Mimi ndio nilisema dawa itupwe. Niambie ukweli, nimeua mtoto wa ndugu yangu?"

"Hajakufa, mzee."

"Lakini nusura."

Shitanda akaingia ndani.

Gordon alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, macho wazi. Nywele zilikuwa zimeota ovyo. Viatu vilikuwa dirishani vikikaushwa, ndimi zimetolewa nje. Shitanda aliketi sakafuni karibu naye.

"Mulembe," Gordon akasema. "Umetoka mbali bure."

"Si bure."

"Niliambia wao wasikusumbue."

"Hawajanisumbua." Shitanda alitafuta neno. Katika mafunzo walikuwa na maneno mengi mazuri, na yote yalikuwa yametoroka. "Nakhumicha amekusalimia. Anasema hesabu zimekuwa ngumu."

Kitu kilitikisika kidogo usoni mwa Gordon, kisha kikatulia. Machozi yakamtoka, yakaelekea masikioni, naye hakuyafuta.

Perez alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Sasa alikuja, akapiga magoti mbele ya kinyozi, mwanamke mkubwa kuliko yeye kwa umri, na Shitanda akaruka kusimama kwa aibu, akimshika mabega.

"Wewe ulifundishwa," Perez alisema. "Mimi sikufundishwa. Niambie nifanye nini na mimi nitafanya. Ukisema nisilale, sitalala. Ukisema niuze shamba, nitauza. Sema tu."

"Mama, inuka tafadhali." Alimwinua polepole. "Mimi nilifundishwa kusikiliza. Kusikiliza tu. Baada ya hapo sijui."

Perez alimtazama, na Shitanda aliona tumaini likimtoka mama yule machoni, taratibu, mpaka likaisha. Mambo mengi ya mwaka ule yalikuja kumtoka akilini, hilo halikumtoka.

Mchana ule ule walimpeleka Gordon Kombewa, Owiti akiwa amemshika upande mmoja na Shitanda upande mwingine. Akinyi, dada yake Gordon, ameolewa huko, na hospitali ya huko iko hatua chache kutoka kwake. Walimlaza kwa muda. Walimwanzishia dawa upya. Muuguzi wa kliniki, mama wa makamo asiye na haraka, aliwakalisha ukoo mzima na kuwaeleza kwa Kijaluo kwamba huu ni ugonjwa kama kisukari, hauna mkosaji, na kwamba safari yake ni ndefu. Owiti aliuliza maswali mengi kuliko wote. Perez hakuuliza kitu. Gordon aliporuhusiwa kutoka, iliamuliwa akae kwa Akinyi, kliniki iwe karibu.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba kuanzia hapo alipona. Kuna wiki aliamka, akaoga, akatengeneza friji ya jirani mwenye duka, na Akinyi akawapigia simu watu wote kwa furaha. Kuna wiki alirudi kitandani, akageukia ukuta. Dawa zilibadilishwa. Chuo kikasema kitamngoja, kisha kikasema hakiwezi kungoja zaidi. Debra alimtembelea mara moja kutoka Ahero, akaketi naye, akarudi.

Shitanda alikwenda Kombewa Jumapili moja moja, alipoweza. Hakuwa na ushauri wala habari njema. Nasike alimfungia matunda au kaptula ya mtoto wa Akinyi, naye akaenda.

Mara ya mwisho ninayoijua alimkuta Gordon nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa, akipukuchua mahindi kwenye karai. Alikuwa amenenepa kidogo kwa sababu ya dawa, na vidole vilikuwa vinatetemeka. Shitanda alivuta kigoda, akachukua hindi, wakapukuchua pamoja kwa muda mrefu.

"Watu wananiuliza kama nimepona," Gordon akasema.

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia bado." Akatupa gunzi. "Wanasikia vibaya. Siku hizi nawaambia nimepona. Wewe nakuambia bado."

"Sawa."

"Ile kitu haijaenda, Mulembe. Inakaa mbali kidogo. Kama mbwa wa mtu. Naiona tu pale."

Shitanda alitazama upande alioonyesha, ingawa alijua hakuna kitu pale ila ua na kamba ya nguo. Alitaka kuuliza kama leo iko karibu au iko mbali. Aliuliza.

"Leo iko mbali," Gordon akasema baada ya kufikiri. "Kesho sijui."

Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa, meusi chini na meupe juu, na upepo ulianza kuyainua makapi ya mahindi. Akinyi alichungulia mlangoni akawaita, chakula kiko mezani, waje kabla ya mvua. Shitanda alijipangusa mikono, akaanza kuinuka. Gordon hakuinuka. Alikuwa ameacha kupukuchua, mikono imekaa magotini, viganja juu, akitazama mbele.

"Njooni, ugali inapoa!" Akinyi akaita tena.

"Tunakuja," Shitanda akajibu, akaketi tena kwenye kigoda. Tone la kwanza liliangukia kwenye karai. Akamngoja.